Mwezi Niliokula kwa Mrija

Juzi nimeng'olewa jino, rafiki yangu, na kwa umri huu wangu jino haling'oki kwa heshima. Daktari wa meno, kijana mpole wa hapa hapa Kenton, London, alinikata ufizi, akalitoa vipande vipande, akanishona, kisha akaniambia kwa wiki nzima nile vitu laini tu. Nilipofika nyumbani, mjukuu wangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alikwisha kunisagia ndizi na maziwa kwenye mashine. Nikanywa, nikamshukuru, na bilauri ilipokwisha nilikuwa bado na njaa. Njaa hiyo naijua. Niliwahi kukaa nayo nilipokuwa mtoto, Wembley, na aliyeniondolea ni mwanamke ambaye mpaka leo natamani ningekuwa japo nusu yake.

Tulikuwa tukikaa chini, Baba, Mama na mimi, katika nyumba ya matofali iliyobanana na nyumba nyingine mtaa mzima. Tulitoka Unguja miaka ile watu walipokuwa wakitoka, na kufikia hapo tulishajihesabu wenyeji: Baba karani, Mama akishona nguo za watu kwa cherehani sebuleni, mimi nikienda skuli na kurudi na matusi mapya ya Kiingereza. Mwaka Wahindi wa Uganda walipofukuzwa, ghorofa ya juu nayo ikapata watu. Walikuwa mwanamke wa makamo na mumewe, watu wa Jinja, waliopitishwa kwanza kambini, kisha wakaja London pamoja na baridi. Mwanamke alipanda ngazi amevaa sari, na juu ya sari koti la kiume la kupewa, lililomfika magotini. Sisi tulimwita Mama wa Juu.

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kisichojali ngeli hata kidogo. Mama, aliyekulia Mji Mkongwe, alipokisikia alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali. Lakini walielewana, na London ya wakati ule kumpata jirani mnayeelewana haikuwa jambo dogo. Yule mama alikuwa ameacha nyumba, duka na bustani aliyoipanda mwenyewe, na sikumsikia hata siku moja akililia vitu hivyo mbele yetu. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba ndimu za Uingereza hazinukii.

Basi kabla hawajamaliza hata kufungua sanduku lao, mimi nikalazwa. Jino lilikuwa limeota kombo ndani ya mfupa, taya likavimba mpaka jicho likawa dogo. Hospitali walilitoa pamoja na kipande cha mfupa kilichoharibika, kisha wakanifunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili taya litulie lipone. Nikabakiwa na pengo nyuma, upande wa kushoto, la kupitisha mrija tu. Chakula changu cha kwanza kilikuwa jeli nyekundu iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Mama akainusa, akauliza imetengenezwa na nini, na alipoona hakuna anayejua akasema basi ni nguruwe. Mama wa Juu, aliyekuja kunitazama ingawa alikuwa mgeni kuliko wageni wote, akaichungulia naye akasema hapana, hiyo ni ng'ombe, ambaye kwao haliwi kabisa. Wakakubaliana kwamba kwa vyovyote mtoto hainywi, na jeli ikarudi ilikotoka.

Nilirudishwa nyumbani kwa sharti. Daktari alimweleza Baba kuwa nimekonda kupita kiasi, na kwamba nikija kupimwa nikaonekana nimepungua tena, watanilaza na kunilisha kwa mpira wa puani. Mpira huo nilikuwa nimeuona kwa mtoto wa kitanda cha pili. Nilimwona pia mama yake anavyoambiwa saa za kutazama wagonjwa zimekwisha, atoke, naye mtoto akimfuata kwa macho tu. Nilikuwa na hofu, nakwambia kweli, na Mama alikuwa na hofu kuliko mimi.

Na ilikuwa Ramadhani. Mama alinipikia uji wa mchele, mwembamba, wenye tui, na huo uji siku moja ulikuwa chumvi tupu, siku ya pili maji matupu. Wanawake wengine wakifunga huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi wakatema, na dini haiwakatazi. Mama hakutaka. Alisema ulimi nao umefunga, uachwe. Ikiadhiniwa magharibi kwenye kanda ya Baba, wageni waliokuja kunizuru hukaa mkekani wakala sambusa, mbaazi za nazi, mkate wa kumimina, na mimi nikapewa bilauri yangu na mrija. Wote walinionea huruma huku wakitafuna. Baada ya muda koo likaanza kuukataa uji wenyewe. Nikinywa mafunda mawili, naisukuma bilauri. Jumamosi, kelele za uwanja wa mpira zilipotufikia hadi sebuleni, nilikuwa nikiwaonea wivu wale watu kwa sababu moja tu, kwamba wanaweza kufungua midomo.

Ndipo ilipoanza ile harufu kuteremka ngazini. Mama aliacha cherehani, akainua pua, akasema, "Mvuje."

Kwetu, msomaji wangu, mvuje ni dawa. Ni utomvu mgumu unaonuka vibaya, hufungwa kitambaani akavishwa mtoto, au ukawekwa chini ya mto wake, shetani akiunusa akimbie. Mama alitoka nao Unguja, ukakosesha vitu vingine nafasi kwenye sanduku, na tangu nitoke hospitali kifundo chake kilikuwa chini ya mto wangu. Chunguni hakuna aliyewahi kuuona. Sasa ikiwa watu wa juu wanaufukiza kila siku, Mama alimweleza Baba, basi wana shetani mkubwa wanayemfukuza, na shetani akifukuzwa huko atateremka wapi kama si hapa, kwa mtoto ambaye mdomo umefungwa na hawezi hata kutamka bismillahi. Baba alisema labda wanapika. Mama alimwambia mvuje haupikwi.

Jioni hiyo hiyo bakuli likaja. Mama wa Juu alikuwa ameona watu wetu wanavyopelekeana futari, akaona naye asiwe mtu wa kupita tu, akaleta kitu cha manjano, chepesi, kilichofunikwa kwa sahani, akasema ni cha mtoto. Mama alipokea kwa mikono miwili. Mlango ulipofungwa akakinusa, akakimwaga uani huku akimwomba Mungu msamaha kwa kutupa neema. Lakini Mama alikuwa mtu wa adabu zake, na bakuli la jirani halirudishwi tupu, kwa hiyo akalijaza tende, akalipandisha. Mama wa Juu akaona tende, akaelewa kwamba chakula kimependwa. Kesho yake akaleta kikubwa zaidi. Mama akamwaga, akajaza tende nyingi zaidi kwa sababu dhambi ilikuwa imeongezeka. Mambo yakaenda hivyo, tende zikipanda na dengu hizo za manjano zikishuka, na mimi nikizidi kukonda katikati.

Kisha ikatokea jioni moja akachelewa kuteremka. Baba alikuwa amekwenda kusali jamaa nyumbani kwa mwenzake, na Mama amesimama kwenye msala pale pale sebuleni, ameshafunga sala. Mama wa Juu akabisha, akaingia. Alimwona Mama anasali, akampisha kwa heshima, akaketi kando yangu, akatia mrija kwenye bakuli na ncha yake akaipitisha kwenye pengo langu kwa mkono mwepesi sana. Nilimwona Mama anavyotuona. Sala haikatwi kwa ajili ya bakuli. Alirukuu, akasujudu, akainuka, na sijawahi kuisikia Fatiha ikisomwa kwa haraka namna ile, wala kwa sauti ya juu namna ile, na mwanamke peke yake.

Nami nilikuwa nimeshavuta. Nikuambieje? Ilikuwa na joto, ndimu, tangawizi, ukali wa haradali iliyoruka kwenye samli, na nyuma ya vyote kitu kizito, cha chini, kama nyama iliyochomwa nyumba ya pili. Chakula kilijaa mdomo mzima bila kutafunwa. Nilivuta mpaka mrija ukaanza kukoroma, na Mama alipotoa salamu kulia na kushoto, bakuli lilikuwa jeupe.

"Umempa nini mwanangu?" Mama aliuliza, bado yuko juu ya msala.

"Dengu, mama. Kila siku iko ile ile," alijibu yule mwanamke, hana habari. "Mdomo ya mtoto imefungwa, lakini pua yake iko wazi. Mimi napikia pua."

Mama aliinuka kwenye msala. Alinitazama, na mimi, nisiyeweza kusema, nikalisukuma bakuli kwake nikaligonga kwa kijiko. Yalikuwa maombi yangu ya kwanza ya chakula tangu nilipotoka hospitali, na Mama aliyaelewa. Kesho yake alasiri akanishika mkono tukapanda juu.

Huko nikaona kazi. Jiko lilikuwa la macho mawili, kwenye kona ya chumba chao, na kando yake vyungu visivyowahi kugusana na nyama wala samaki. Mama wa Juu alichemsha dengu zilizokobolewa mpaka zikapoteza umbo, akazipekecha kwa upekecho wa mti, viganja vikienda mbele na nyuma, mwili wote umetulia. Akazichuja kwa kitambaa ili lisibaki hata ganda la kuniziba mrija. Kisha akatia samli kwenye kikaango kidogo, bizari nzima na haradali zikaanza kuruka, na mwisho akakwangua chembe kutoka kwenye kibonge kidogo. Harufu ikatoka. Mama akanong'ona du'a yake. Lakini alibaki pale, akatazama mpaka mwisho, na tuliporudi chini alimwambia Baba kwamba kweli wanapika. Baba aliitikia kama mtu anayesikia habari mpya.

Nikawa nakunywa kila siku, na nikaanza kupata rangi. Siku nyingine ilikuwa mtindi uliopekechwa na bizari ya kukaanga, siku nyingine karoti na viazi laini kama maziwa, zote zimeungwa kwa namna ile. Kisha siku moja ikaja dengu isiyo na kitu. Nikavuta funda moja, nikaacha. Mama wa Juu akatueleza kwa aibu kwamba kile kibonge cha mvuje ndicho pekee alichotoka nacho Uganda, na kimekwisha. Mumewe alikuwa amezunguka maduka akatazamwa kama anauliza baruti. Ilibaki wiki nipelekwe kupimwa. Siku iliyofuata sikunywa, na ya pili yake nikanywa kidogo tu kwa kulazimishwa, na shingo ya gauni langu ikaanza kunipwaya tena.

Niliona yaliyofuata kwa macho yangu, nikiwa nimelala kitandani mchana. Mama aliingia, akakaa kando yangu, akatia mkono chini ya mto wangu. Alikitoa kile kifundo, akakishika muda mrefu. Alijua vizuri kwamba London nzima hatapata kingine. Akaniinua, tukapanda ngazi, naye akakiweka mkononi mwa Mama wa Juu, akamwambia, "Chukua, bibi. Mtoto akishiba, shetani atamkaa wapi?"

Mama wa Juu alikifungua, akakinusa, akakaa chini palepale kwenye sanduku. Alisema huu ni mzuri kuliko wake. Kisha ndipo nikamwona, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akilia.

Siku ya kupimwa sindano ya mzani ilisogea upande tuliouombea. Daktari alifurahi, akamuuliza Mama anapika nini, na Mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu, akanyoosha kidole juu. Daktari akainamisha kichwa kwa heshima akidhani amemtaja Mungu, na Baba hakuona haja ya kusahihisha. Baada ya Idi waya zikakatwa. Nilikula sambusa yangu ya kwanza kwenye ngazi, nusu ya njia, kwa sababu nyama haikuruhusiwa kupanda juu, na Mama wa Juu alisimama juu kabisa akinisikiliza ninavyotafuna, anacheka.

Waliondoka miaka miwili baadaye, wakaenda Leicester kwa ndugu zao. Nilipita mtaa ule majuzi. Nyumba imekatwa vyumba vingi, mlangoni kuna kengele nyingi zisizo na majina, na nilisimama pale kitambo nikinusa, hakuna mtu aliyekuwa akipika. Siku hizi tunakaa na jirani miaka kumi bila kujua anatia nini kwenye chungu chake. Wale wanawake wawili kila mmoja aliogopa chungu cha mwenziwe, na bado mabakuli yalipanda na kushuka.

Mama ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka wake wa mwisho, nilipokuwa nikimlisha uji kwa kijiko, nilimuuliza kama siku ile alipokitoa kile kifundo hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Usiku nilikuwa nakaa nikikutazama unavyopumua. Nikasema, huyo shetani akija, atanikuta mimi hapa."