Swali Ambalo Sikuliandika

Nilikuwa katibu wa mikutano ya mtaa wetu, huku Chang'ombe, kwa sababu moja tu: mwandiko. Mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri hakatai daftari akipewa, na mimi nilijivunia wangu kuliko ninavyopenda kukiri.

Siku hiyo alikuja afisa kutueleza habari za bima ya afya kwa wote. Tulikaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, mimi mezani pembeni yake. Alipomaliza, akasimama jirani yangu wa nyumba ya pili, mama aliyekuwa na genge la mboga mpaka mumewe alipopata kiharusi.

"Dawa nimeelewa, bima italipa," alisema. "Ila mie mume wangu mwaka wa tatu huu hajainuka. Namgeuza, namlisha, namwogesha. Genge nimefunga. Hiyo kazi ya kumgeuza, serikali inachangia nini?"

Afisa akasema hilo ni suala la kifamilia. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mama anataka mshahara wa ndoa, watu wakacheka. Nami nilicheka. Naona aibu kulisema, lakini nilicheka.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikatazama ajenda, sikuona pa kuliweka swali lile, na sikutaka kuchafua ukurasa. Nikaandika kama nilivyozoea: Wananchi waliuliza maswali na kujibiwa.

Kesho yake alinikuta mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu. Lile swali langu umeliandika?"

"Marahaba. Limeandikwa."

"Basi litafika kwa wakubwa," akasema, akarudi haraka kwa mgonjwa wake.

Ningeweza kulichomeka saa ile ile. Nafasi ilikuwepo chini ya ukurasa. Sikulichomeka. Muhtasari ukaenda kata hivyo hivyo. Kwa muda mrefu aliniuliza kama majibu yamerudi, nami nikawa namjibu kwamba mambo ya serikali yana taratibu zake. Mumewe akafariki. Wale wale waliocheka wakafunga turubai, wakapika, wakachanga, na msiba ukaenda vizuri sana. Kuuguza aliuguza peke yake. Genge halikufunguliwa tena, maana mgongo ulikuwa umekwisha.

Mwaka jana mke wangu alianguka bafuni. Kiharusi. Hospitali walitupokea vizuri, wakamtibu, wakaturuhusu, na nyumbani ndipo nilipojua kwamba bima yetu iliishia getini kwao. Hata kumgeuza sikujua. Nilimvuta mkono mpaka akalia.

Aliyenifundisha ni jirani yule yule. Anakuja kila asubuhi, na mgongo wake huo huo. Shuka linakunjwa, linapitishwa chini ya mgonjwa, mmoja huku, mmoja kule, mnavuta pamoja. Mara nyingi nimekusudia kumwambia ukweli, na mara zote nimeumeza. Juzi nilijikaza, nikafika mpaka kwenye "Mama, lile swali lako la mkutanoni..."

"Usikate tamaa, Mwalimu," akanikatiza. "Si uliliandika? Siku wakijibu, majibu yatakukuta na wewe."

Kisha akaniambia nishike vizuri upande wangu. Nikashika, tukamgeuza mke wangu.