Rangi ya Kijivu Haikwenda Mawinguni

Shangazi yangu hukodisha hema, viti na sufuria kubwa za kupikia watu wengi. Stoo yake iko Kaloleni, Nairobi, ubavuni mwa nyumba tunamoishi, na karibu kila familia ya mtaa huu imewahi kukalia viti vyetu, ikiwa si katika harusi basi katika matanga. Kwetu shangazi anaitwa senje. Nitamwita hivyo hapa kwa sababu sijawahi kumwita vinginevyo.

Mimi ndiye ninayemwandikia kazi zake kwenye kompyuta. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, kidole baada ya kidole, lakini senje hajawahi kunikimbiza. Yeye husema, mimi huandika: nani amechukua nini, kwa shughuli gani, amerudisha au bado. Yalikuwa majedwali ya kawaida tu, mistari na safu, ndani ya kompyuta kuukuu ambayo senje aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama anavyofunika viti vya sebuleni.

Katika majedwali hayo tulikuwa na rangi moja, kijivu. Kijivu ilikuwa ya matanga.

Senje ana sharti lake: aliyefiwa haulizwi. Hema letu husimama mbele ya mlango wake tangu siku ya habari mbaya. Majirani hukaa chini yake jioni, wanaomba, wanaimba, wanachanga. Mwili unasafirishwa nyumbani magharibi mwa Kenya, unazikwa, familia inarudi Nairobi, inapumua. Kisha siku moja mtu wao huja mwenyewe mlangoni kwetu, mara nyingi na mkungu wa ndizi au kuku aliyetoka nyumbani, na kusema, "Tumerudi." Hapo ndipo bei inapotajwa. Kabla ya hapo senje akikutana nao dukani huuliza habari za watoto tu. Alipofiwa na mume wake, mtu aliyemkodisha hema alimfuata hadi mlango wa mochari, akamdai mbele ya wakwe zake. Hajasahau. Ndiyo maana mstari ukiwa wa kijivu, mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba huo unaachwa unyamaze.

Hatukuwahi kuandika maneno hayo popote. Kwa nini tuandike? Rangi ilitosha.

Mwana wa kwanza wa senje, binamu yangu, anafanya kazi ofisini mjini. Mwaka jana alikuja Jumapili moja baada ya ibada na kompyuta yake ya mkononi, akaifungua juu ya meza ya chakula kabla hata ya kusalimu watu vizuri.

"Mathe, hii biashara yako inaendeshwa kizamani," akasema. "Haya majedwali yakipotea je? Kompyuta ikiibwa je? Siku hizi hesabu ziko kwenye wingu."

"Wingu lipi?" senje akauliza.

"Mtandaoni, Mathe. Hata ukiwa kwa mazishi Kakamega unafungua simu unaona kila kitu."

"Nikiwa kwa mazishi, naona mazishi."

Mwanawe alicheka, akambusu kwenye paji la uso, na senje akalainika kama kawaida yake kwa kijana huyo. Mchana ule ule alihamisha majedwali yetu yote. Nilisimama nyuma yake nikitazama mistari yangu ikiingia mahali pageni, na yote ilikuwa myeupe.

"Na zile za kijivu?" nikauliza. Mimi si mtu wa kusema sana. Swali hilo lilinigharimu.

"Rangi haihami, siz. Kinachobebwa ni maandishi na namba tu. Rangi si data."

"Lakini ile ilikuwa ya matanga. Maana yake..."

"Matanga ni mteja kama mteja mwingine. Usijali, mfumo unajifanyia." Akaniegemea begani, akicheka. "Kazi yako imekuwa rahisi, bado unanuna?"

Rahisi! Mfumo ule hukupa fomu ya kujaza, na ukikaa kidogo bila kubonyeza, unakutoa nje na kufuta ulichoandika, kwa sababu ya usalama. Mimi nikiandika jina la mtu hutazama mara mbili kama nimelikosea. Nilikuwa nikifika katikati ya fomu, ukurasa unapotea, naambiwa niingie upya. Mtu akinicheka kwa sababu naandika polepole, naweza kuvumilia, nimezoea tangu shuleni. Lakini kutupwa nje ya kazi yangu na kitu kisichonijua, mara tatu kwa asubuhi moja, hilo lilinichoma. Kasi ya mtu mwingine ilikuwa imewekwa pale kuwa ndiyo kasi ya watu wote.

Niliendelea hivyo hivyo. Kisha akafa mzee mmoja wa mstari wa pili wa nyumba kutoka kwetu, aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa mtu mpole, mwenye baiskeli. Mwaka uliotangulia alikodi viti vyetu siku binti yake alipotolewa mahari, kwa hiyo jina lake na namba yake ya simu zilikuwa tayari kwenye mfumo. Hema lilipokwenda kwake safari hii, senje aliniambia, "Andika, halafu uache." Niliandika. Mfumo ukalichukua jina lile lile la zamani pamoja na namba yake, na siku ya mwisho ya kulipa ukajiwekea wenyewe. Sikuwa na rangi ya kuweka. Nilitafuta, haikuwepo.

Wiki ya matanga watu walikutana pale kila jioni, jua likianza kulala. Mjane alikaa mbele, kwenye kiti chetu cha plastiki kilichotandikwa leso. Simu ya marehemu ndiyo iliyokuwa ikipokea michango, maana ndiyo namba ambayo jamaa wote walikuwa nayo, nyumbani na mjini. Kijana mmoja wa kanisa lao aliishika, na kila meseji ikiingia aliisoma kwa kipaza sauti ili mchangaji ashukuriwe mbele ya watu. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Anasoma jina, watu wanasema "Amina," mwandishi wa kamati anaandika.

Jioni hiyo mimi na senje tulikuwa tumeketi nyuma. Meseji zilikuwa zikiingia mfululizo na kijana alikuwa amepata mwendo wake.

"Wajukuu wa Nakuru, asanteni!"

"Amina!"

"Chama cha wamama wa Ziwani!"

"Amina!"

Kisha, kwa mwendo ule ule, akalisoma jina la marehemu mwenyewe, na kuendelea: "Mpendwa mteja, hujalipia hema na viti. Tafadhali lipa leo ili kuepuka usumbufu. Asante kwa kutuchagua..."

Kipaza sauti kilibaki mdomoni mwake kikivuma. Hakuna aliyesema amina. Mzee mmoja aliinua macho akatazama turubai letu lililo juu ya kichwa chake, kisha akageuka polepole, na watu wote wakageuka naye, wakamtazama senje.

Mjane hakulia. Aliuliza tu, "Wanamwandikia nani?"

Senje alisimama akataka kusema, lakini shemeji wa marehemu alimwonyesha kiganja. "Nenda nyumbani, mama. Leo nenda tu."

Asubuhi tulikuta viti vyetu vimepangwa mlangoni, vimefutwa vumbi, na hema limekunjwa vizuri kuliko tunavyolikunja sisi. Mazishi bado hayakuwa yamefika. Wafiwa wale walikuwa sasa wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima, juani. Senje aliketi juu ya hema lile lililokunjwa na hakuingia ndani kunywa chai. Kwa miaka yote ambayo nimekaa naye, mtu akifa mtaani, yeye huitwa kabla ya mchungaji. Nilimwona akitambua kwamba huenda asiitwe tena.

Nilipokwenda dukani kununua maziwa, vijana wa kona walikuwa tayari wamepata habari.

"Niaje, madam wa madeni! Eti mnadai hadi maiti?"

"Mimi nikidedi msinipigie, sitashika!"

"Atakubipu, bro!"

Nilirudi bila maziwa.

Binamu yangu alikuja mchana, baada ya senje kumpigia simu. Nilitarajia aombe radhi. Alifungua kompyuta yake, akatazama, akasema, "Hakuna kosa hapa. Mfumo umefanya kazi yake vizuri. Ni kikumbusho tu."

"Ulimkumbusha nani?" senje akauliza. "Wanangu hawakumbushi wafu."

"Si mimi, Mathe! Hakuna mtu aliyeandika ile meseji. Inajituma."

"Basi twende ukawaambie hivyo."

"Niwaambie nini? Kwamba sikuandika?" Akaanza kukusanya waya zake. Alikuwa na mkutano mjini, akasema.

Hapo ndipo hasira yangu ilipojua mahali pa kukaa. Mfumo sikuwa na la kuuambia, ni sawa na kukasirikia mvua. Nilimkasirikia huyu. Meseji ile ilikuwa na heshima zote za barua, "mpendwa", "tafadhali", "asante", na hakukuwa na mtu hata mmoja nyuma yake wa kusimama na kusema, mimi ndiye. Jambo baya limefanywa mbele ya mjane, na kila ukitafuta aliyelifanya unaambiwa limejifanya.

Senje alivaa leso yake. Nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" senje akaniuliza.

"Kwao."

Alinitazama. Anajua kwamba kanisani siwezi hata kusoma tangazo. Tukatoka.

Tuliwakuta kwenye mabenchi yao, kivuli kikiwa kimewakimbia. Senje alipiga magoti mbele ya mjane, akashindwa kuanza. Kwa hiyo nilisema mimi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi niseme mara mbili. Nilisema kwamba ile meseji ilitoka kwetu. Nilisema haikuandikwa na mtu, lakini sisi ni watu, na tumekuja tuisemee. Nilisema kwetu aliyefiwa haulizwi, na kwamba yale ya jana hayatarudiwa.

Shemeji alikohoa. Mjane alinitazama.

"Huyu ndiye ambaye haongei?" akamuuliza senje.

"Ndiye."

"Basi ameongea." Akanyoosha mkono akamwinua senje. "Simamisheni tenti, dada. Hawa wazee wangu watakauka kabla sijamzika mmoja."

Mtu alicheka, kisha wengine, kicheko kile kifupi cha matangani. Vijana wa kona, wale wale, ndio waliotusaidia kubeba vyuma vya hema. Wafiwa walipoondoka kwenda nyumbani kuzika, senje alisafiri nao, ndani ya basi, kwenye kiti cha nyuma ya mjane.

Juma lililofuata binamu yangu alinipigia simu kunieleza kwamba kuna mahali pa kuzima vikumbusho. Alikuwa na furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Ni kitufe kimoja, akasema, ukurasa wa mipangilio. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilikata simu bila kumjibu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu, na sijalijutia.

Mfumo bado tunautumia, kwa harusi na mikutano ya vyama. Matanga siyaingizi. Mpaka mtu aje mlangoni na kusema wamerudi, mimi siandiki kitu. Kwa sababu hiyo binamu yangu hunilalamikia: akifungua simu yake huko mjini, wingu linamwambia kwamba viti vyote viko stoo, havina kazi, na biashara imelala.

Leo amelalamika tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Stoo nyuma yangu ilikuwa tupu, na kutoka nyumba ya pembeni niliwasikia watu wa matanga wakiwa wamekalia viti vyetu, wakiimba.