Siku Ile Sokoni Nilisema Ni Nyama

Admin, nifichie jina. Hapa Matiliku tuko watu wengi, sitajulikana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, nina mume mmoja na mtoto mmoja, na kanisani ninaimba kwaya. Msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, endeleeni.

Miaka ya tisini mume wangu, nimuite Mutua, alikuwa na bucha ya nguruwe pale sokoni. Kufuga alifunzwa na rafiki yake wa Kiambu, na nyama yake ilipendwa hata na waliojifanya hawaigusi. Hao walipitia mlango wa nyuma, bakuli limefunikwa na leso. Kwa wateja Mutua alikuwa mcheshi sana. Kwangu alikuwa na mkono mwepesi. Alinipiga kwa sababu ya chumvi, kwa kuchelewa mtoni, kwa kumwangalia vibaya. Mimba yangu ya kwanza ilitoka kwa teke lake. Ya pili ilitoka aliponisukuma nikaangukia jiwe la kusagia. Kwa hivyo nilipojua nina ya tatu, nilifunga mdomo. Hata mama yangu sikumwambia.

Ndipo ikaja hiyo homa. Redio ilisema huko Mkoa wa Kati nguruwe wanakufa kwa homa. Sasa sisi homa tunayoijua ni ile ya kulaza mtu kitandani, na msimu huo kila nyumba ilikuwa na mtu anakohoa. Watu wakajumlisha wenyewe. Mzee jirani yetu alipokufa, wakakumbuka alikula nguruwe kwa Mutua Jumamosi. Walisahau kwamba alikuwa anakohoa tangu mimi nikiwa msichana.

Nyama ikalala buchani hadi ikatupwa. Siku ya soko Mutua aliniamsha kwa kofi.

"Leo utakula mbele yao," akasema. "Wakiona mke wangu mwenyewe amekula, watakula."

Nikamwambia tumbo langu haliko sawa. Akachukua chuma cha kunolea visu, akanipiga nacho mgongoni mara mbili. "Tumbo utalipeleka hospitali ukishakula."

Alinisimamisha juu ya kreti ya soda mbele ya bucha. Soko lote likajaa pale, na wengine walikuwa tayari na mawe mkononi, wamekuja kuwaua nguruwe wetu. Mutua akakata kipande kilichochomwa kikaiva vizuri, akanishika taya, akanilisha. "Oneni! Mama anakula! Homa iko wapi?" Nikameza cha kwanza. Nikameza cha pili. Kile cha tatu kilikuwa na mafuta mengi, na mama yeyote aliyewahi kubeba mimba ya miezi miwili anajua kilichofuata. Nilitapika kila kitu, nikaanguka.

Mama mmoja mzee wa kanisa letu akapiga magoti, akanifuta mdomo na kanga yake.

"Mwaitu," akaniita mama kwa heshima ya kwetu, "ni nyama, ama ni nini?"

Neno mimba lilikuwa mdomoni, naapa. Ningelisema, wanawake wangepiga vigelegele, wanaume wangecheka, na kila mtu angerudi kwa shughuli zake. Lakini nikamwangalia Mutua. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama watu, na kile chuma bado kilikuwa mkononi. Nikajua nitakachopata nikifika nyumbani, na hii nayo ingetoka kama zile mbili.

Nikasema, "Ni nyama."

Jiwe la kwanza lilimpata Mutua jichoni. Alipiga ukelele kama wa nguruwe wake akichinjwa, na nitasema ukweli hapa, nilifurahi. Furaha hiyo haikudumu hata dakika. Walimvuta nje, wakampiga kwa rungu na kwa kigogo chake mwenyewe cha kukatia nyama. Nilisikia mguu ukivunjika. Wengine walikimbia mpaka bomani kwetu wakawakatakata nguruwe kwa panga, mmoja baada ya mwingine, na damu ikatoka hadi barabarani. Bucha ikachomwa. Nilipiga kelele, "Muacheni! Si nyama!" lakini nani anamsikiza mwanamke aliyepewa sumu? Askari wa chifu ndio walimwokoa, kwa kufyatua risasi hewani.

Mutua alirudi kutoka hospitali na jicho moja na mguu mmoja usiokunjika. Tangu siku ile hajawahi kuninyanyulia mkono. Binti yetu alizaliwa, hakuna aliyehesabu miezi, na Mutua mwenyewe akamlea, akambeba mgongoni akichechemea. Aliokoka. Na kila mwaka kwenye ushuhuda anasimama na fimbo yake, analia, anasema, "Niliuzia watu kifo. Nilimlisha mke wangu ugonjwa kwa mkono huu. Mungu anisamehe." Mimi niko pale kwa kwaya, naitikia amina. Miaka yote hiyo, amina.

Mwezi uliopita binti yetu alikuja nyumbani. Yeye ni daktari wa mifugo. Alileta kilo mbili za nguruwe, na baba yake akaruka kutoka kitini.

"Unataka kutuua kama mimi nilivyotaka kumuua mama yako?"

Msichana akacheka. "Baba, ile homa ni ya nguruwe peke yake. Haishiki mtu. Hata mngekula nguruwe mzima, hamngeugua."

Mutua akaketi tena. Halafu akanigeukia na lile jicho lake moja, bila hasira, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa wewe ulitapika nini?"

Nikasema ngoja niepue sufuria. Jibu lenyewe lilikuwa limekaa hapo mezani kati yetu, likipuliza chai yake ipoe.

Hajauliza tena. Lakini Jumapili iliyopita wakati wa ushuhuda hakusimama, na tukila ananitazama tu, anangoja. Nikimwambia, atajua jicho lake lilienda kwa sababu ya neno langu. Nikinyamaza, atakufa akiomba msamaha wa kosa ambalo si lake, na lile ambalo ni lake hajawahi kuniomba msamaha hata siku moja. Ndugu zangu, mezani nimwambie nini? Na binti yangu je, akija tena, asikie, ama nimtume nje kwanza?