Mkate wa Harusi Uliokataa Kuumuka

Evaristo aliiua chachu kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamtwika dada yake lawama, na baba yao akamwamini. Ndivyo Hermelinda alivyoondolewa kwenye unga akiwa na miaka kumi na tisa. Leo ana arobaini na minane na hajaugusa tena. Hakuiba, hakuvunja kitu, hakumkosea mtu. Kosa lake lilikuwa kunyamaza.

Alizaliwa nyuma ya tanuri, hapo hapo San Bartolo, bonde la Oaxaca. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na kapu. Baba yake, Don Nicandro, alisema binti anayejua unga hana haja ya herufi, na yeye hakuona neno la kubisha. Akiwa na miaka sita alisimamishwa juu ya kasha la mafuta ya nguruwe ili mikono ifike ndani ya hori la mbao, akakanda. Alijifunza kuchora mistari ya kombe, lile gamba la baharini, juu ya mikate ya sukari, kukata mikate ya sukari guru yenye umbo la vinguruwe, kukunja mingine kama pembe, na kutenga viini vya mayai kwa mkate wa karamu bila kupasua hata kimoja. Saa haikuwapo. Moto ulipimwa kwa mkono: unauingiza mdomoni mwa tanuri huku unasali Salamu Maria. Ukishindwa kumaliza ya kwanza, mkate utaungua. Ukifika ya nne, moto umelala. Mkono wake wa kulia haukuwa na laika hata moja kwa kuunguzwa na moto, na aliuonea fahari kama wasichana wenzake walivyoonea fahari bangili.

"Huyu atanizika, na tanuri litaendelea kuwaka," Don Nicandro aliwaambia wanunuzi.

"Na Evaristo je, Don Nicandro?"

"Evaristo? Mikono ya Evaristo ni ya hatamu. Farasi wakianza kula mikate ya kombe, nitamwita."

Watu walicheka. Evaristo naye alicheka, lakini masikio yalimwiva.

Kuna jambo moja waokaji wa kule hawalifanyii mzaha: unga husikia. Waliogombana humaliza ugomvi barabarani kwanza. Mwenye kijicho akilikanda donge, donge hulala lisiamke. Ndiyo maana mtu hulichorea msalaba, kisha hulifunika blanketi kama mtoto mwenye homa. Hermelinda aliamini hivyo, na hata leo anaamini. Hilo ndilo linalomchoma zaidi.

Mwaka ule Zenaida, binti wa fundi viatu, aliposwa na kijana aliyeitwa Fidencio. Kule ukoo wa bwana harusi hupeleka mkate kwa wazazi wa bibi harusi, makapu kichwani, muziki mbele, mji mzima ukitazama. Makapu kumi na sita ya mkate wa viini yaliagizwa kwa Don Nicandro. Evaristo alipewa kazi ya chachu: ailishe unga jioni, aifunike, asubuhi iwe imejaa mtungi. Evaristo akaenda mji wa jirani, Tlacolula, kutazama mbio za farasi. Aliporudi asubuhi, chachu ilikuwa imekaa chini kama tope. Badala ya kusema, alichemsha maji akaimiminia ili iamke upesi.

Hermelinda aliingia akakuta mvuke ukitoka mtungini.

"Kaka, umefanya nini? Umeipika!"

"Punguza sauti. Ni maji ya uvuguvugu."

"Uvuguvugu gani unaofuka hivi? Namwita baba."

Evaristo alimshika kiwiko. "Hermelinda, nakuomba. Atanitukana mbele ya watu, mimi mwanamume mzima. Acha harusi ipite, nitamwambia mwenyewe. Naapa kwa mama aliyeko kaburini."

Hermelinda alimpenda kaka yake. Siku mama yao alipozikwa, kaka huyu ndiye aliyembeba mgongoni kutoka makaburini mpaka nyumbani. Basi akanyamaza. Alivunja mayai, akamwaga mdalasini na anisi, akakanda mpaka mabega yakafa ganzi, akiliombea donge lipate nguvu kutoka popote pale.

Mpaka adhuhuri donge halikuwa limenyanyuka hata unene wa kidole. Baba yake Fidencio alisimama mlangoni, wapiga tarumbeta nyuma yake, na nyuma yao wanawake wenye makapu matupu.

"Don Nicandro, mkate wangu uko wapi? Au niwapelekee wakwe hewa?"

Don Nicandro alifunua blanketi, akalibonyeza donge. Shimo la kidole likabaki pale pale. Akawageukia watoto wake.

"Nani?"

Hermelinda alimtazama kaka yake. Alimwachia nafasi ya kusema. Evaristo akaitumia.

"Baba, sipendi kumsema mtu wa nyumbani. Lakini tangu Zenaida aposwe, huyu ana uso wa siki. Nani hajui alicheza na Fidencio sikukuu ya mtakatifu? Angekanda vipi mkate wa harusi hii kwa moyo mweupe?"

Kweli alicheza naye. Nyimbo mbili, na kwenye wa pili Fidencio alimkanyaga kidole. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

"Uongo, baba! Ni chachu, aliimwagia maji ya—"

"Mnaona wenyewe," Evaristo alisema kwa upole. "Hata sasa ana hasira."

Na hasira alikuwa nayo kweli. Sauti ilipaa, na kila alichosema kiligeuka shahidi wa kaka yake.

"Toa mikono yako kwenye hori langu," Don Nicandro alisema. Hakuuliza mara ya pili.

Wakwe walipelekewa mkate wa kununua kutoka Tlacolula, jua likiwa limeshapinda. Zenaida aliolewa. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, wapo waliokumbushana donge lile, na tangu hapo Zenaida akimwona Hermelinda huvuka barabara.

Evaristo alipewa hori, na Hermelinda akapewa kapu akauze mkate sokoni. Wachumba wawili walikuja kuulizia. Mama zao walipouliza kwa majirani, wachumba hawakurudi.

"Hermelinda," Remigia muuza pilipili humwita hadi leo, "huu hujaugusa, eh?"

"Nimeugusa kwa macho."

"Basi nipe minne. Macho yako hayana kijicho, yana kengeza tu!"

Soko hucheka. Yeye hufunga mikate, hutabasamu, hupokea sarafu. Miaka ishirini na tisa anatabasamu. Moyoni hurudi kila mara kwenye asubuhi ile. Angepiga kelele wakati ule ule, mtungi ukiwa wa moto, baba angeushika mwenyewe. Alimwekea kaka yake siri, naye kaka akaifanya ngazi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Don Nicandro alilala asiinuke. Hermelinda alimvuta Evaristo uani.

"Mwambie sasa. Neno moja tu, angali anasikia."

"Mzee yuko mlangoni kwa Mungu, wewe unataka nimrudishe kwa habari za chachu?"

Siku ya tatu mzee akafa. Alikufa akiamini kwamba binti yake ana kijicho.

Ukaja mwisho wa Oktoba, wakati wa mkate wa marehemu, ambao kila nyumba huwawekea wafu wake altareni. Duka lilijaa watu. Vidole vya Evaristo vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi, na agizo lilikuwa kubwa. Hermelinda alipoingia kuchukua mzigo wake, aliitwa mbele ya wote.

"Dada, weka kapu chini. Njoo ukande mkate wa altare ya baba. Yaliyopita yamepita. Mimi nilishakusamehe."

"Jamani, moyo gani huo!" mwanamke mmoja akasema, na wengine wakaguna kwa kukubali.

Harufu ya anisi ilimpanda puani. Mikono ilienda yenyewe mpaka ukingoni mwa hori. Hajawahi kutamani kitu kama alivyotamani kuizamisha mle.

"Umenisamehe nini, kaka? Kitaje."

"Dada, mbele ya watu..."

"Mbele ya watu ndipo ulipolisema la kwanza."

Evaristo alinyunyiza unga juu ya meza iliyokwisha kunyunyizwa. "Tusigombane hapa," alisema chini chini. "Donge linasikia."

Hermelinda aliondoa mikono yake ikiwa safi, akabeba kapu, akatoka. Angeweza kukaa. Angeupokea ule msamaha wa uongo, leo angekuwa anakanda. Kuna asubuhi anajiona mjinga kwa hilo, na zipo nyingi.

Don Nicandro alikuwa na deni la swali la pili, na amekwenda nalo. La Evaristo lingali hapa duniani: anadaiwa maneno matatu, "Nimeiua chachu mimi," ayaseme kwa sauti, hori likiwa wazi na watu wamejaa. Hermelinda anamdai. Zenaida naye anamdai, ila yeye hajui.