Mama Amepata Kitanda

Ipo siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi. Kila mwenye vijisenti pale Sumbawanga alitaka duka, na kila duka lilitaka rafu na kaunta. Mimi nilikuwa fundi seremala kijana, kazi zimenijaa, na kwetu Mwimbi sikuwa nimefika tangu mavuno. Ili roho itulie nikamtengenezea mama kitanda cha mninga, nikakipakia kwenye lori la kwenda huko.

Wiki iliyofuata dereva mmoja wa mahindi akasimama karakanani kwangu.

"Dada yako anasema mama amepata kitanda," akaniambia. "Pole sana."

"Nimeshapoa. Tumshukuru Mungu," nikajibu, nikaendelea kupiga randa. Nilidhani ananipa pole ya kazi.

Siku ya nne akapita tena, akanikuta palepale.

"Hukwenda?"

"Wapi?"

"Hospitali. Si nilikuambia mama amelazwa?"

Hakuniambia amelazwa, mwanangu. Aliniambia amepata kitanda. Siku zile wodi zilijaa hadi wagonjwa wakalala sakafuni, kwa hiyo watu walisema hivyo, na ilikuwa habari ya kushukuru. Usemi huo niliujua vizuri. Ila kichwani mwangu kulikuwa na kitanda kimoja tu, kile changu.

Nikapanda lori lake na nguo zangu za vumbi la mbao. Mvua ilikuwa imeharibu njia, tukakwama mara mbili. Kila nilipoona watu wamekusanyika nje ya nyumba, nilidhani ni msiba.

Hospitalini nilimkuta mama anapumua. Dada yangu, mjamzito aliyekaribia kujifungua, alikuwa ameketi chini ubavuni pake. Mama alihitaji damu, na dada kwa hali ile asingeweza kutoa. Aliyetoa ni mjomba wetu, mtu mwenye mvi, aliyekuja kwa baiskeli kutoka kijijini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kunipa mkono.

"Dada yako ameangalia mlango huu siku nne," akasema. "Umeletewa neno la nyumbani, hata kuuliza ni kitanda gani ukashindwa?"

Kitanda cha mninga kilikuwa bado njiani, pale Matai, kimeegeshwa ukutani kwa mtu.

Mama alipona, akaishi miaka mingi. Hakuniuliza kamwe kwa nini nilichelewa, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mjomba.

Basi sikiliza, mwanangu. Habari ya nyumbani ikikufikia, hata kwa neno unalolitumia kila siku, usilipe maana inayokupendeza wewe. Mshike aliyeileta umuulize: nani, yuko wapi, hali ikoje. Moyo ukibaki na shaka, ondoka uende. Kazi itakungoja.

Mungu akujalie sikio tulivu na miguu myepesi, na kila uwaendeapo watu wako, uwakute wazima.