Kura Kumi za Mama

Katika miaka tisa aliyokaa nasi, wifi yangu alituomba kitu mara moja tu: tuupigie kura wimbo wa kwao. Yeye ni Mromania. Kaka yangu alikwenda huko kusomea udaktari wa meno, akarudi Maskati na shahada na mchumba, wakasubiri kibali cha serikali cha ndoa mpaka sisi wenyewe tukachoka kuulizia. Sasa wanakaa Ansab, humu humu mjini. Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa mama yangu, na ni kizuri kuliko changu mimi ninayetia Kiarabu kila neno la tatu.

Ulaya wana mashindano ya nyimbo ambayo kila nchi hupeleka mwimbaji wake. Nchi ya wifi ilikaa pembeni kwa miaka kadhaa, kisha ikarudi, na mwaka ule wifi alihangaika kama mwenye arusi nyumbani. Wimbo akautia kwenye kundi letu la simu, akautia kwenye gari, akawafundisha wanawe kiitikio. Mimi sikuupenda hata kidogo. Yule dada aliimba kama anayemwita mtu wa ghorofa ya tano. Nikamwambia wifi ni mzuri sana.

Ushindi haukuwa shida yake. Sheria ya mashindano ni kwamba watu wa nchi hawaruhusiwi kuupigia kura wimbo wao wenyewe. Wa nje ndio wanaoweza. Kwa hiyo mama yake na dada zake kule walikuwa wakimpigia simu: sisi tumefungwa mikono, wewe una watu huko, waambie wapige. Alinieleza haya ndani ya gari, akiangalia dirishani. "Wifi, kila mwaka mama huniuliza huku nna nani. Safari hii nataka nimuoneshe."

Kwa sisi tulio mbali, kura zilifunguliwa kabla ya fainali yenyewe, kwa hiyo Jumamosi mchana tukakutana kwa mama, Mabela. Kura zililipiwa kwa kadi ya benki, na kila kadi ilikuwa na kura kumi. Zangu nilizimaliza kabla sijavua abaya, zote kwa Romania. Wifi akanikumbatia, akaipiga picha simu yangu, akaituma kwao papo hapo. Nilijiona mtu mwema sana.

Kwa mama ilikuwa kazi. Kwanza alitaka aelezwe sheria zote, wifi akamweleza mara mbili, pamoja na hiyo ya wenyewe kutojipigia. Kisha akasema hapigi kura asiyoijua, atasikiliza nyimbo zote. Akavaa miwani, akajifunga kanga vizuri, akakaa na tableti mapajani, akasikiliza vipande vya nyimbo kimoja baada ya kimoja.

"Huyu hana baridi, kavaa vile?" akauliza. Na baadaye: "Mama mtu mzima huyu, kacheza juu ya viatu virefu namna hii. Apewe yake moja."

Namba ya siri ya benki ya kuthibitisha malipo ilipoingia kwenye simu yake, aliiziba kwa kiganja hata mimi nisiione. Akabonyeza. Khalas, imekwisha, akasema, akampa wifi tableti aipige picha.

Niliona uso wa wifi kabla sijaona kioo cha tableti. Mama alizigawa kura zake kumi kwa nchi kumi, moja moja, na Romania haikuwamo.

"Ahsante, mama," wifi akasema. Akaiweka tableti mezani taratibu, akaenda jikoni, tukasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mimi nilipandwa na hasira. Mama yangu ni mtu wa kugawa, hilo nalijua. Futari yake hufika mpaka kwa jirani aliyehamia jana. Lakini hapa sikumvumilia. "Mama, umefanya nini? Kitu kimoja tu kakuomba, miaka yote hii! Unamliza mtoto wa watu!"

Mama akavua miwani. "Nani mtoto wa watu humu ndani?"

Nikaonesha jikoni kwa kidevu.

"Nnakuuliza wewe. Nani?" Sauti ilikuwa imepanda, na kule jikoni maji yakafungwa. "Si kasema mwenyewe wenyewe hawajipigii? Kasema mara mbili, mie nikasikia. Sasa mie nikajipigie mbele ya Ulaya nzima? Wangu ndiye anayeimba, halafu nijipe mwenyewe? Watanionaje?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. Alitaka kumweleza kwamba sheria ni ya wanaokaa kule, si ya Mabela, nilimuona akifungua mdomo. Akaufunga. Akaja akakaa kitako kwenye zulia karibu na miguu ya mama, akalia waziwazi kama mtoto, na mama akawa anamkaripia asilowanishe zulia huku akimfuta uso kwa ncha ya kanga.

Alipotulia akampigia mama yake simu. Kiromania sikijui. Nilimsikia akieleza, akionesha kwa mkono mama alivyovaa miwani, na upande wa pili wakauliza, nadhani waliuliza ni kura ngapi. Neno moja nikalielewa. "Zero," wifi akasema, na alilisema kwa maringo.

Za kwangu hakuna aliyeziuliza. Picha yangu ilikuwa imeshafika kwao tangu mchana, kura kumi, na nadhani waliifurahia. Mimi ndiye ninayempa wifi kiti cha mbele cha gari. Kila anachopika nakisifu. Dada zangu wa kuzaliwa nagombana nao kila wiki, lakini yeye, katika miaka tisa, hajanisikia nikimpandishia sauti hata siku moja, na kwa hilo nilikuwa najisifu mbele za watu. Nilikaa pale sebuleni nikaona haya, maana nilielewa nilichokuwa nikifanya muda wote ule. Nilikuwa nakirimu mgeni.