Mikanda ya Kiti cha Mjukuu

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Sindano, na mwenyewe huitikia. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi tu. Ni mwembamba, mnyoofu, na akikukuta umevaa kitu kimekaa vibaya atakuchoma hapo hapo, hata kama mnatoka kwenye ibada. Mimi amenichoma mara nyingi. "Wifi, hilo gauni umeshonewa au umetupiwa?" Kesho yake anakuita, anakupunguzia kiunoni, na chai anakupa.

Miaka thelathini na mmoja sasa anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mashine yake ya kukanyaga kwa miguu ikiwa imeelekea dirishani. Mume alimfia mapema. Mwanawe, wa pekee, alimlea chini ya meza ya mashine hiyo hiyo, ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Kwa hiyo mtu akimwambia kuna jambo la kulea mtoto asilolijua, Sindano humtazama juu ya miwani, akaendelea kukanyaga.

Mwana huyo naye amekua, ameoa nesi, wanaishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Mungu akawajalia binti. Mtoto alipofikisha miezi minane, msichana aliyekuwa akimlea aliaga akaenda kuolewa, wakakubaliana mtoto aje akae kwa bibi yake miezi miwili mitatu. Jamani, furaha ya Sindano! Alipaka chumba rangi. Alishona pazia, godoro dogo, foronya, na kofia sita, kana kwamba mtoto ana vichwa sita. Halafu mkwe akapiga simu.

"Mama, mtoto tutamleta. Ila kwanza tupate kiti cha gari."

"Kiti? Gari lenu halina viti?"

"Kiti cha mtoto, mama, chenye mikanda yake. Huku tumetafuta tumechoka. Huko kwenu maduka ni mengi."

"Mwanangu, mume wako nilimpakata juu ya lori la mkaa, na si huyo hapo anakula?"

Mkwe hakucheka. Anafanya kazi kwenye chumba cha majeruhi, mahali wanapoletwa watu wa ajali. Alisema kwa upole, lakini alisema: bila kiti mtoto hatoki nyumbani. Na si kiti chochote. Kiwe na lebo ya rangi ya chungwa, ndani yake herufi E kwenye duara, na namba, alama kwamba kimejaribiwa. Kiwe cha kumkalisha mtoto akitazama nyuma ya gari. Na kisiwe kimewahi kupata ajali.

Sindano aliandika yote hayo kwenye karatasi anayoandikia vipimo vya wateja, akaibandika juu ya mashine. Akaniambia, "Wifi, kesho vaa viatu vya kutembea."

Sasa ujue fundi hanunui kitu bila kupima, na mtoto wa kupima yuko mbali. Sindano alichukua pakiti nne za unga za kilo mbili mbili, akazitia kwenye foronya, akafunga kamba juu pakawa kama shingo. Kilo nane, uzito wa mjukuu kama ulivyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Mimi ndiye niliyebeba. Watu walitusalimia njia nzima kwa kuuliza huo mzigo ni wa msiba wa nani.

Duka la kwanza, muuzaji alituona na foronya akasema, "Mama, sisi hatununui unga."

"Na mimi siuzi. Nionyeshe kiti cha mtoto cha gari. Lebo iko wapi?"

"Lebo ya nini, mama? Kitu chenyewe kinajionyesha. Tazama rangi."

"Rangi itamshika mtoto gari likifunga breki?"

Alivuta mkanda, akaupindua, akautazama mshono kama daktari anavyotazama ulimi. Uzi mmoja wa pamba, mstari mmoja. "Huu mimi sishonei hata mfuko wa vitunguu," akasema, tukatoka.

Duka la pili lebo ilikuwapo, ya chungwa kabisa, na E yake. Nikamshukuru Mungu, maana mabega yalikuwa yanawaka moto. Sindano akaikwangua pembeni kwa ukucha. Ikabanduka yote kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake ilikuwapo lebo nyingine ya viti vya kulia chakula.

"Hiyo ni hali ya hewa tu, mama," yule bwana akasema. "Gundi imelegea."

"Na dhamiri yako nayo imelegea?"

Siku ya tatu tulifika kwa wauza mitumba. Pale tulikuta kiti kizuri, lebo imekaa imara, mshono wa mistari mingi ya kwenda na kurudi. Sindano alipiga magoti, akaanza kukivua kitambaa chake, kifungo kwa kifungo. Muuzaji alipiga kelele mpaka watu wakakusanyika. "Mama anavua kiti nguo! Njooni muone!" Lakini kitambaa kilipotoka tuliona sote: plastiki ilikuwa na ufa kuanzia mgongoni hadi chini. Kiti kilishapata ajali huko kilikotoka. Yule muuzaji alikiokota kitambaa. Kisha akasema, "Ukikivisha tena hauonekani." Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga kwa unga.

Nilichoka. Usiku nikisali nilijikuta naombea kiti, nikaona hata aibu, wako watu wanaombea wagonjwa. Mwanawe naye alikuwa akipiga simu kila jioni: "Mama, vipi, bado? Kazini wananibana. Nunua chochote tu, mimi naendesha polepole." Na mkwe kwa nyuma tunamsikia: "Si chochote!"

Wiki ya pili, kwenye duka la vitu vya watoto karibu na hospitali, tulikipata. Kipya, ndani ya boksi lake. Lebo haikubanduka. Mshono, Sindano mwenyewe alikiri, "Huyu aliyeshona hapa nampa mkono." Tulikibeba nyumbani kama bibi harusi. Akakiweka katikati ya chumba, akamkalisha yule mjukuu wa unga, akafunga mikanda.

Ikapwaya.

Mkono mzima uliingia kati ya mkanda na foronya. Tulitafuta maelezo, tukakuta kijitabu cha lugha tatu, hata moja hatuijui, na picha ndogo kama mchwa. Sindano alivua miwani, akavaa, akavua tena.

"Mtoto atachomoka hapa kama sabuni."

"Tumpigie mkwe," nikasema.

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba fundi wa miaka thelathini na mmoja ameshindwa na nguo iliyopwaya? Nguo ikipwaya inapunguzwa. Shika hapa."

Nikashika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, maana mkono ulioshika ule mkanda ni wangu. Alifumua mshono wa kiwandani, akakata kipande cha shibiri moja kila upande, akashona upya kwa uzi mnene wa kushonea mahema, mstari juu ya mstari, mpaka sindano mbili zikavunjika. Alipomaliza alivuta kwa nguvu zake zote, mguu ukutani. Mshono haukutikisika. Foronya ilikaa ndani ya mikanda kama imeumbwa humo.

Jumamosi mwana na mkwe wakaja kukichukua kiti, mtoto wamemwacha nyumbani kwao na bibi yake wa upande wa mama. Kesho yake ndipo angeletwa. Sindano alikuwa amekifunika kiti kwa shuka, akaifunua kama anafunua chakula cha wageni.

Mkwe alifurahi, akapiga hata kigelegele kidogo. Aliinama akaisoma lebo. Akapitisha vidole kwenye mikanda, vidole vikasimama.

"Mama, mshono huu ni wa nani?"

"Wangu," akasema Sindano, kifua mbele.

Mkwe aliingiza mkono chini, pale miguu ya mtoto inapokaa, akashika utepe uliokuwa ukining'inia. Tulidhani ni wa kubebea. Akauvuta. Mikanda yote miwili ikakaza yenyewe, ikazama ndani ya foronya mpaka unga ukatoa vumbi.

"Inapunguzwa hapa," akasema polepole.

Nikatamani sakafu inimeze.

"Basi imepungua mara mbili," mwanawe akasema, akijaribu kucheka. "Kuna ubaya gani? Mama, mshono wako nani asiyeujua? Tukiweke garini."

"Hapana," mkwe akasema. "Mama, nisamehe. Kwa kiti hiki simweki mtoto."

Hapo Sindano akawaka. "Wiki mbili nazunguka! Huyu wifi yangu mabega yamekwisha! Na katika mji huu hakuna mtu, sikiliza, hakuna mtu aliyewahi kurudi kwangu na mshono umefumuka!"

"Najua, mama. Lakini nguo haigongwi na gari. Mikanda hii ilijaribiwa na mshono wake. Huu wako hakuna aliyeujaribu."

"Mimi nimeujaribu! Kwa mguu ukutani!"

"Mke wangu, ni saa tatu tu za njia," mwana akasema. "Mama amehangaika. Kesho namleta mtoto, nitakwenda taratibu."

Akakiinua kiti aende nacho garini. Na ukweli ni kwamba wangeondoka nacho. Mume ameshakata shauri, mama mkwe amekasirika, na mke peke yake angesema mpaka lini? Sindano alikuwa ameshinda. Mtoto angekuja kesho.

Lakini Sindano akamuuliza mkwe, sauti imeshuka, "Mwanangu, wewe umewahi kuona mkanda ukikatika?"

Mkwe aliitazama mikono yake. "Mara moja. Ulikatika kwenye mshono. Baba wa mtoto alikuwa ameurekebisha mwenyewe." Hatukumuuliza mtoto yule alikuwa na umri gani.

Sindano alikaa kwenye kigoda chake cha mashine. Aliitazama ile karatasi ya vipimo kwa muda. Kisha akachukua mkasi wake mkubwa, ule ambao hata mimi siruhusiwi kukatia karatasi, akamwambia mwanawe, "Weka chini."

"Mama, unafanya nini?"

"Weka chini nimesema."

Alikata mkanda wa kulia. Akakata wa kushoto. Mshono wake ulikuwa mgumu kweli, hivyo alikata juu yake, mahali pazima.

"Nikikitupa kizima atakiokota mama mwingine," akasema. "Atauona mshono, atausifu."

Jumatatu tulirudi lile duka tukauliza kama wanauza mikanda peke yake. Hawauzi. Viti vingine? Vimekwisha, labda baada ya miezi miwili, labda mitatu. Muuzaji akauliza kile cha kwanza kilikuwa na kasoro gani. Sindano akasema, "Fundi."

Mtoto hakuja. Aliyekwenda kumlea huko huko ni Sindano, kwa basi, siku ya Jumatano, baada ya kuwaita wateja mmoja mmoja wachukue vitambaa vyao. Wengine walinuna. Chumba kipya chenye pazia na godoro dogo amekifunga, ufunguo ninao mimi. Kofia sita alikwenda nazo, na foronya ya unga pia, akaipakata njia nzima.

Jana alinipigia. Nyuma yake nilisikia mtoto akigonga kitu kwa kijiko. Nikamwuliza habari za huko.

"Wifi," akasema, "leo maduka mawili. La kwanza, lebo imebanduka kwa ukucha. La pili, nimemwambia muuzaji anionyeshe utepe wa kukazia uko wapi, na yeye haujui. Nimemfundisha."

"Na lebo ya hapo?"

"Hakuna lebo."

Akapumua kwa nguvu mpaka simu ikakwaruza. "Kesho naanzia upande wa stendi. Mwombe Mungu wako, na mimi namwomba wangu, labda wakiwa ni yule yule atachoka kutusikia."